Siku ya Kugusa Vichwa

Zamda alimvika bintiye sweta, akalifunga vifungo hadi shingoni ili vipele visionekane. Mtoto alikuwa anachemka.

"Mama, naumwa."

"Najua, mwanangu. Ukishahesabiwa tu, tunarudi."

Asubuhi ile mwalimu mkuu alikuwa amekuja mlangoni kubembeleza. "Mama Shani, serikali imeiahidi shule fungu la fedha kwa kila mwanafunzi, na halishuki hata hali iwe ngumu vipi. Lakini kichwa ambacho afisa wa elimu hatakigusa leo hakina fungu mwaka mzima. Tukipungua, darasa la kina Shani linafungwa. Utampeleka wapi?"

"Na hii homa, mwalimu?"

"Homa za watoto hizo! Aketi tu, aguswe, basi."

Shule nyingine ilikuwa ng'ambo ya mto, na mto ule ulishakula watoto wa watu. Zamda akakubali.

Sasa alisimama nje ya dirisha la darasa, ncha ya khanga mdomoni. Watoto walibanana bega kwa bega, na Shani alikuwa amemwegemea mwenzake, macho mekundu. Afisa alipita akigusa kila kichwa na kuhesabu kwa sauti. Kiganja kikatua kichwani kwa Shani. Afisa akakitazama kiganja chake, kisha akamtazama mwalimu mkuu. Mwalimu akatabasamu.

Afisa akajifuta mkono kwenye suruali, akaendelea na kichwa kilichofuata.

Nje, watoto wa chekechea walikuwa wamepanga foleni, wakiimba, wakingoja zamu yao ya kuguswa na mkono ule.