Yule Mmoja Aliyepata Kazi

Usijifanye hukumwona. Ulikuwa kwenye foleni pale ofisi ya ajira, Muleba, macho yako kwenye simu.

Jovita alikuwa dirishani tangu saa moja na nusu, kwenye kiti cha miguu mitatu na tofali, anaandikisha watu kwa kalamu aliyotoka nayo nyumbani. Choo kilifungwa tangu Pasaka. Mapajani alikuwa na karatasi aliyoikunja mara nne. Mkuu wake, Kahangwa, asipoitia sahihi kabla gari halijaondoka kwenda Bukoba saa tisa, basi tena.

"Unaomba nyongeza ya mshahara?" Rutaihwa, fundi ujenzi wa Kamachumu, alimtania akiichungulia ile karatasi, huku akisukuma vyeti vyake dirishani. "Nyie wa serikali hamshibi!"

"Kitu cha namna hiyo, kaka."

"Mwaka wa nne huu najiandikisha. Hivi kuna mtu amewahi kupata kazi kupitia hapa?"

"Mwaka jana, mmoja. Taarifa niliichapa mwenyewe."

"Nani huyo?"

"Jina sikupewa. Idadi tu." Jovita akagonga muhuri. "Nilimwonea wivu, nisikufiche."

Mkacheka foleni nzima. Na wewe ulicheka.

Saa nane na nusu Kahangwa akatoka na mkoba. Jovita akamkimbilia uani.

"Waitu, tafadhali bosi, sahihi tu. Dakika moja."

Kahangwa akaikunjua karatasi juu ya boneti, akasoma, akajikuna shingo.

"Jovita, hii ni fomu ya kuomba kazi."

"Ndiyo, bosi. Ile nafasi ya karani, Bukoba. Mwisho leo. Mwaka wa sita huu najitolea hapa, sijaona mshahara hata wa mwezi mmoja."

"Najua, dada. Lakini hapa wanataka nithibitishe kwamba huna kazi." Akamrudishia. "Nitathibitishaje? Taarifa ilishafika mkoani. Yule mmoja tuliyempatia ajira mwaka jana ni wewe."

Dereva ameshawasha gari. Wewe wa kwenye foleni, tia hiyo simu mfukoni, kasimame mbele ya gari. Sasa hivi.