Bi Rehani Akataa Umalkia

Kwa miaka thelathini Bi Rehani aliigiza mpishi, jirani mdaku, mtumishi wa malkia. Umalkia walipewa wengine. Alasiri moja mwigizaji mkuu aliugua, na Kombo, kiongozi wa kikundi, akamletea vazi la hariri.

“Leo malkia ni wewe, Bi Rehani.”

Akalipapasa vazi lile kwa muda mrefu, kisha akamrudishia.

“Mwanangu, mpe Saumu, yule mwigizaji chipukizi. Maneno ya malkia anayajua. Lakini hawa waliokuja kucheka, nani atawachekesha?”

Kombo akalichukua vazi, akampelekea Saumu.

Bi Rehani akajifunga kanga kiunoni, akaingia jukwaani na sinia la vikombe. Kabla hajatamka neno, ukumbi mzima ulishaangua kicheko. Akasimama, kidevu juu, akawangoja washibe kucheka.