Salamu Bila Matusi

Hivi wewe umewahi kuishi kwenye nyumba ambayo hakuna anayekuudhi? Mimi naishi humo tangu zahanati ituvishe bangili sisi wazee wenye presha. Presha ikipanda huwaka nyekundu, na aliyeniudhi au aliyeniletea habari mbaya huitwa huko akajieleze. Basi mkwe wangu Mwanaidi hunipa maharage yasiyo na chumvi kwa tabasamu, na nikiunguza sufuria hucheka tu. "Haidhuru, mama."

Kila Ijumaa huniletea pia salamu za dada yangu Tausi, aliyeko Kilosa. Ijumaa hii alisema, "Mama mkubwa anakusalimu sana, anakuombea afya njema."

Nikaweka kijiko chini. Tangu utoto wetu Tausi hajawahi kunisalimu bila kunitukana. Salamu zake ni hizi: "Mwambieni huyo kikongwe mwenye masikio kama ungo kwamba kanga yangu ya zambarau bado naitaka!"

"Kanga hakuiulizia?"

"Hakuiulizia, mama. Kunywa uji, unapoa."

Hakunitazama usoni, alitazama bangili. Ilikuwa bado kijani. Nikavuta pumzi polepole, nikaishusha polepole, kama nesi alivyotufundisha, maana Mwanaidi ana mtoto anayenyonya na sikutaka aitwe kwa ajili yangu.

Kisha nikamshika mkono.

"Mwanangu, nimechoka kupumua hivi. Nataka kumlilia dada yangu."