Mbeleko ya Mama Mkwe

Gari lilichemka kwenye mlima wa kuelekea kambi ya wakimbizi ya Benaco. Gidioni alifungua boneti akakagua. Hapakuvuja popote, mkanda wa feni ndio uliokatika.

Nguo ndefu ikisokotwa vizuri ingeweza kushika nafasi ya mkanda mpaka hospitali. Lakini nguo ndefu ilikuwa moja tu, mgongoni kwa mama mkwe wake nyuma ya pikapu, imembeba mtoto wa Gidioni aliyekuwa akiwaka homa. Na mtu na mama mkwe wake hawatazamani, wala hawasemeshani.

Mwanamke mkimbizi alikuwa akipita na mzigo wa kuni.

“Dada, nisaidie kumwambia mama mkwe wangu pale kwamba naomba mbeleko.”

“Si anakusikia?” alijibu, lakini akatua kuni zake. “Mama, mkweo anaomba mbeleko.”

Bibi wa mtoto alikwisha shuka garini. Alimwendea Gidioni kinyumenyume, uso kauelekeza kwenye migomba, akipapasa ardhi kwa visigino, mpaka pumzi za moto za mtoto zikamgusa baba yake kifuani.

Vidole vya bibi vikashika fundo la mbeleko.

“Mdake, baba,” alimwambia mwenyewe. “Nafungua.”