Nani Ameigusa Snea?

"Themanini na moja!" Radi alifoka, na mhudumu aliyekuwa akipanga viti akaacha kupanga. "Nani ameigusa snea yangu?"

Ukumbini walikuwa watatu tu: Radi mwenyewe, mhudumu, na mpiga kinanda, mdogo wake Radi wa tumbo moja, ambaye ghafla alipata kazi kubwa ya kukunja waya.

Miaka ishirini na mbili Radi alikuwa akipiga dramu katika hoteli ile, na jina hilo hakupewa kwa upole wake. Hoteli ilipoleta dramu za umeme ili wageni waweze kula bila kuziba masikio, alinuna wiki nzima, kisha akazijua kuliko fundi aliyezifunga. Chini ya kila pedi, ule uso wa mpira unaopigwa, kuna kihisi. Kihisi kinapokea pigo, kisanduku chenye kioo kinatoa sauti, na usikivu wa kihisi unapangwa kwa namba. Snea, ngoma ya mkono wake wa kushoto, aliiweka hamsini. Hamsini ni ya mtu anayepiga dramu, alizoea kusema, si ya mtu anayefuta vumbi.

Sasa mwezi mzima kulikuwa na mtu anayemchezea. Kila onyesho likiisha alikuta namba imepanda: hamsini na tisa, sitini na sita, sabini na nne. Aliirudisha hamsini, akazima, akaondoka akisonya. Onyesho lijalo, yaleyale. Na namba ikipanda mno, snea inakuwa kama mbwa mwoga, inabweka hata mtu akipita tu jukwaani. Ndiyo maana leo aliwahi. Saa kumi meneja mpya angekuja kuamua kama bendi inamhitaji Radi, au itatosha kompyuta, ambayo haili, hainuni, wala haiangushi kijiti jukwaani kisha ikamtukana aliyekichonga, kama Radi alivyofanya Jumamosi iliyopita kwa mkono wa kushoto.

"Ni wewe," akamwambia mdogo wake.

Mdogo mtu hakukana. "Iache hivyo leo tu, dada."

"Niiache? Ili ibweke ovyo mbele ya meneja, aniandikie barua?"

"Nakuomba. Kesho nitakueleza yote."

"Kesho nitakuwa nyumbani natazama ukuta, na wewe uko hapa na kompyuta yako!"

Hasira zilimpanda hadi sauti ikakwaruza. Huyu ambaye yeye mwenyewe alimfundisha kuhesabu mapigo kwa sufuria na mwiko! Huyu ambaye yeye ndiye alimwingiza kwenye bendi kwa kugombana na watu wazima! Kama angekuwa adui, Radi asingeumia hivi.

"Unanichimba, mtoto wa mama yangu. Tukitoka hapa leo, wewe na mimi basi."

Mdogo mtu alifuta macho kwa mkono wa shati, akaketi kwenye kinanda chake.

Radi aliinama kwenye kisanduku. Kwa mkono wa kushoto akawa anazungusha kitufe, huku wa kulia ukiijaribu snea kwa kijiti. Sabini. Sitini. Hamsini. Pa! Taa ndogo ya snea, ile inayowaka kihisi kikipokea pigo, ikawaka, ukumbi mzima ukaitika, mhudumu akaruka.

"Umesikia? Hamsini inatosha, na hamsini inabaki." Akaifunga mipangilio kwa namba ya siri ambayo hakumwambia mtu.

"Basi ijaribu vizuri, dada. Ijaribu kwa mkono wa..."

"Kelele!"

Mlango ukafunguliwa. Meneja aliingia, akatazama saa yake, akaketi mstari wa mbele bila hata salamu. "Haya, nisikie."

Radi akahesabu nne. Mguu ukaanza kugonga dramu kubwa, mkono wa kulia ukakimbia juu ya toazi, wa kushoto ukashuka kwenye snea. Pa! Safi, kavu, mahali pake kabisa. Meneja akaanza kutikisa mguu. Radi alipiga kwa hasira zake zote, snea ikamjibu kila mara, na wimbo ulipofika kwenye kiitikio meneja alikuwa akitabasamu.

Radi alikitupia jicho kisanduku ili aione namba yake. Hamsini. Lakini taa ya snea ilikuwa imezimika. Akapiga kwa nguvu zaidi. Pa! Snea ikalia, na taa haikuwaka.

Akageuza shingo. Mdogo wake alikuwa akicheza wimbo mzima kwa mkono mmoja, macho hayabanduki kwenye mkono wa kushoto wa dada yake, na kila mkono ule uliposhuka, kidole chake kimoja kilishuka nao kwenye kitufe cha mwisho cha kinanda, na kitufe hicho ndicho kilichokuwa kikitoa ile Pa!