Fuvu Lisilo na Meno

"Meno yake yako wapi?" mzee Nakagome aliuliza, fuvu likiwa limelala juu ya kitambaa cheupe mapajani mwake.

Priscilla akamtafsiria mama yake. Bibi Seima alitema tambuu pembeni, akafuta midomo yake myekundu kwa kiganja.

"Mwambie nguruwe wa hapa hawana adabu. Ashukuru wametuachia kichwa."

Priscilla alitafsiri habari ya nguruwe tu, adabu akaiacha.

Nakagome hakuridhika. Kila mwaka alikuja Papua kutafuta mifupa ya Wajapani waliokufa vitani, na safari hii alifuatana na Bwana Hallam, Mwaustralia aliyekuwa adui yake vitani katika msitu huu huu. Siku hizi walikuwa marafiki wa kuazimana dawa za presha. Lakini mifupa isiyojulikana ni ya nani hawakuipokea.

Miaka arobaini marehemu huyu hajaliliwa, na kwao asiyeliliwa hadharani hatulii. Kila alfajiri Seima alimsikia akikohoa nyuma ya nyumba, hata mvua ikinyesha. Naye mwenyewe alikuwa mgonjwa. Akifa yeye, nani angejua kwamba kuna mtu pale?

"Una hakika ni wetu?" Nakagome aliuliza.

"Alikuja na jeshi lenu kutoka pwani. Mabega yalikuwa yamechubuka kwa mizigo. Maji alinywea hiyo."

Akaonyesha chupa ya bati iliyofukuliwa pamoja na mifupa. Ilikuwa na maandishi ya Kijapani.

"Aliacha mtoto?"

"Binti mmoja. Alikuwa hata hajaanza kutambaa."

Priscilla alipolitafsiri hilo, Nakagome alipapasa yale maandishi kwa kidole gumba, kisha uso ukamwiva kwa uchungu. "Inatosha," alisema.

Wakawasha kuni, wakaichoma mifupa kwa desturi yao, wakachoma ubani na kumwaga pombe ya mchele. Nakagome alilia kwa kwikwi. Hallam alisimama wima akapiga saluti, machozi yakimlowanisha ndevu. Ndipo Seima akaangua kilio, na wanawake wa kijiji wakakipokea mpaka msitu ukaitika.

Majivu yalitiwa katika kisanduku. Njia ya kuelekea kwenye boti ilikuwa na tope, kwa hiyo wazee wale wawili walikishika pamoja, huyu upande huu na yule upande ule, wakashuka polepole.

"Mama nawe," Priscilla alinong'ona, akimfuta mama yake machozi. "Mgeni unamlilia hivyo? Watu watadhani alikuwa bwanako."

"Alikuwa bwanangu. Ni baba yako. Wajapani walimbebesha mizigo kwa mtutu wa bunduki, Waaustralia wakamnyonga kwa kuibeba, wakakataza aliliwe." Seima hakuyaondoa macho yake kwa wale wazee. "Meno niliyang'oa mimi, yalikuwa mekundu kwa tambuu kama yangu. Nyamaza, mwanangu. Waache wambebe."