Redio Ndani ya Ndoo

Bi Salha alitaka redio ya mawasiliano ya baharini kwa ajili ya kayaki yake, mtumbwi mwembamba wa mtu mmoja. Muuzaji alimchagulia ndogo ya mkononi, ya bei nafuu.

"Hii inakutosha, mama. Kwa umri wako, hiyo kayaki utaipiga kasia papa hapa ufukweni."

Bi Salha aliomba ndoo ya maji.

"Ukiitia majini, umeinunua," muuzaji alimwonya akimletea.

Bi Salha akaiwasha, akaitumbukiza. Ikazama mpaka chini, taa yake ikazimika.

"Mimi nimepinduka mara mbili kule bahari kuu," alisema, "na mara zote nimerudi."

Akailipia, akaiacha humo humo. Kisha akaonyesha ile kubwa ya njano juu ya rafu. "Nishushie na ile."

Muuzaji alisita, akamshushia. Bi Salha akaiwasha, akaitosa. Ikaibuka, ikaelea, ikawa inazungumza kwa sauti za watu walio mbali baharini.